Taa Niliyoivunja Wakati Jeneza Linatoka

Jumapili, Novemba. Joto la kunata. Mawingu yamejaa upande wa Mbegani lakini mvua haitaki kushuka. Nimefungua dirisha, nimelifunga, nimelifungua tena. Ni alasiri na sina pa kwenda.

Naandika hapa kwa sababu sina wa kumwambia. Blogu hii ina wasomaji wachache sana, na nadhani mmoja wao ni mimi mwenyewe, ninaporudi kutazama kama kuna aliyesoma.

Juzi Ijumaa niligonga gari la marehemu.

Nieleze kwa utaratibu, maana ndivyo nilivyozoea kazini. Mzee Kondo alifariki alfajiri ya Ijumaa kwa presha. Hakuwa ndugu yangu. Nilipohamishiwa Bagamoyo kuwa karani wa masijala sikumjua mtu hata mmoja. Kwetu ni Mkange, na Mkange si mbali, lakini mtu aliyeajiriwa hawezi kukimbilia kwao kila anapojisikia mpweke. Ijumaa yangu ya kwanza hapa, Mzee Kondo alinikuta nje ya msikiti navaa viatu, akaniuliza nakula wapi. Nikamwambia kwa mama lishe.

"Ijumaa hailiwi kwa mama lishe," akasema, akaanza kutembea. Nikamfuata.

Tangu siku hiyo nimekula kwake kila Ijumaa. Mkewe, Bi Tatu, aliniona siku moja nachokora chini ya sinia, tangu hapo akawa ananiwekea ukoko bila kuombwa. Katika mji huu wote, ile ndiyo nyumba pekee ambayo nisipofika kuna mtu atauliza.

Hicho ndicho ninachoogopa kukipoteza.

Gari ninaloendesha ni langu na dada yangu Zuhura. Tulichangiana tukalinunua ili mama akiugua huko Mkange asikae barabarani kungoja lori. Lina bima ndogo, ile ambayo ukimgonga mtu inamlipa yeye, la kwako utajua mwenyewe. Ijumaa nililitumia kubebea viti na maturubai. Lazima niseme ukweli: katikati ya majonzi yale nilijisikia mtu wa maana. Nilikuwa na kazi msibani. Sikuwa yule mgeni anayekaa pembeni ya mkeka ameinamisha kichwa kwa kuwa hajui amsemeshe nani.

Kisha Ami Mwinshehe akatoka mlangoni. Huyu ni mdogo wake marehemu. Watoto wa nyumba ile humwita Ami, nami nikaiga. Akapunga mkono. "Kijana, toa gari hapo, jeneza linatoka!"

Nilirudi nyuma kuingia uani. Sikutazama nyuma vizuri. Nilikuwa natazama mlango, kama watu wote. Papo hapo wanawake ndani wakaangua kilio, na katikati ya kilio kile nikahisi gari limegusa kitu. Haikuwa kwa nguvu. Ilikuwa kama mtu aliyekupiga kikumbo sokoni akapita.

Gari la Mzee Kondo lilikuwa limeegeshwa palepale pa siku zote, chini ya banda la makuti. Taa ya nyuma ya kushoto ilikuwa imevunjika, na mlango wa buti umebonyea.

Nikatazama huku na huku. Hakuna aliyegeuka. Kila mwanamume alikuwa anawania kushika jeneza apate thawabu. Nikashuka, nikaokota vipande vyekundu vya taa, nikavitia mfukoni mwa kanzu.

Mtu aliye tayari kusema haokoti vipande.

Makaburini, tulipomaliza kuzika, Ami Mwinshehe alisimama akasema yanayosemwa siku zote. Aliyekuwa anamdai marehemu ajitokeze kwa familia. Aliyekosewa amsamehe. Anayedaiwa naye asinyamaze. Nilikuwa safu ya pili, vipande vinanichoma paja. Nikanyamaza. Na akili yangu ya masijala ilikuwa imeshanitafutia kijisababu: mimi sikumkosea marehemu. Wakati nagonga, alikuwa ameshafariki. Kwa hiyo tangazo halinihusu.

Naona haya hata kuyaandika.

Tuliporudi ndipo lilipokuja lile la utani. Mama Kulwa ni jirani, Mnyamwezi, mtani wa nyumba ile ya Wakwere kama mimi. Misiba ya huku haikosi watani. Wao wana ruhusa ya kuwachekesha wafiwa hata machozi hayajakauka. Alikuwa amejifunga kanga kiunoni, anapita huku na huku akitafuta wa kumsumbua, akaliona gari.

"Njooni muwaone Wakwere! Udongo haujakauka, wameshaanza kugawana gari! Mmoja kaondoka na taa! Mwinshehe, toa mfuko nje tuone!"

"Mfuko wangu una tumbaku tu, mtani."

"Basi ni huyu Hamadi! Ndiyo maana kaja na begi kubwa. Kesho mtaikuta taa ya baba yenu Kariakoo, imeandikwa bei!"

Watu walicheka mpaka wengine wakaanza kulia upya. Hamadi, mtoto mkubwa wa marehemu, alicheka pia, lakini kidogo.

Mimi nilicheka.

Utani ule ungeishia pale kama si jambo moja. Hamadi ni wa mke wa kwanza wa Mzee Kondo, aliyekwisha kufariki, na anaishi Dar. Bi Tatu ana wawili wake, bado wanasoma shule ya msingi. Hamadi alipofika Ijumaa asubuhi alipewa funguo za gari la baba yake, akaenda kununua sanda. Jana nilipokwenda kusaidia kurudisha viti, nikasikia kule jikoni uani kwamba kumbe ni yeye aliyeligonga. Ameligonga na amenyamaza. Mwingine akaongeza kwamba ameliharibu kusudi ili likiuzwa alinunue yeye kwa bei ya kutupa. Hakuna aliyecheka hapo. Nikabeba viti vyangu nikatoka.

Nikakaa ndani ya gari nikampigia wakala aliyenikatia bima.

"Mwenye gari yupo hapo, kaka?"

"Amefariki."

"Pole sana. Kumbe ajali ilikuwa kubwa!"

"Hapana. Alifariki kabla sijamgonga."

"Umemgonga nani?"

"Gari lake."

"Sasa hilo gari ni la nani?"

Alinieleza kwa upole tu, kama mtu aliyewaelezea wengi. Trafiki alipaswa kuyaona magari palepale yalipogongana, lakini hata sasa niende kituoni nikaandikishe. Madai ya gari la marehemu lazima yatiwe saini na msimamizi wa mirathi, na huyo mpaka mahakama imteue. Kisha akashusha sauti: "Na usikubali kosa kwa mtu yeyote. Ukikubali kwa mdomo wako, kampuni inaweza kukataa kulipa. Wewe nyamaza, tuachie sisi."

Nyamaza, tuachie sisi.

Sijui kama nimewahi kuambiwa maneno matamu kama hayo. Nilikaa nayo jana nzima. Niliona jinsi mambo yatakavyokwenda: miezi itapita, barua ya kampuni itafika katika nyumba ile, jina langu litakuwa humo katikati ya maneno mengi ya kiofisi, na mimi sitakuwepo wakati inasomwa. Bima ingesema kwa niaba yangu. Nadhani kilichonivutia kilikuwa hicho zaidi kuliko kulipiwa taa.

Lakini miezi yote hiyo Hamadi angekuwa mwizi kwao.

Leo ilikuwa khitma. Kabla ya chakula kupakuliwa nilimfuata Ami Mwinshehe penye masufuria, nikamwambia. Nilikuwa nimejiandaa kusema mengi, nikajikuta nimemaliza kwa sentensi moja. Alinitazama, akapangusa mikono. "Hilo haliishii kwangu. Ingia ukaliseme ndani."

Bi Tatu yuko eda, kwa hiyo alikuwa nyuma ya pazia la chumba chake. Sikumwona. Sitamwona kwa muda mrefu. Nilisimama ukumbini nikalisemesha pazia lile la maua. Hamadi alikuwa ameegemea ukuta, mikono kifuani. Sauti yangu ilikuwa mbaya, inapanda na kushuka kama ya mvulana anayebaleghe. Nilisema nimegonga, nimeona, nimenyamaza, nimesikia watu wakimsingizia mwingine, na bado nimenyamaza.

"Ndilo hilo tu?" Bi Tatu akasema kutoka kule ndani. Sauti ilikuwa imemkauka kwa kulia. "Mwanangu, nimekusamehe. Kondo angekusamehe hata hujamaliza kusema. Nenda ukale."

Nikashusha pumzi. Ami Mwinshehe akainua kidole.

"Shemeji, umesamehe lako. Nami nakusamehe usumbufu ulionipa, kijana. Lakini gari hili tangu alfajiri ya Ijumaa si la Kondo. Lina fungu la Hamadi. Lina fungu la hawa wawili, na hawajabaleghe. La yatima hatuna ruhusa ya kulisamehe, hata tukitaka. Umesikia, karani?"

"Nimesikia, Ami."

"Hiyo bima yako italitengeneza lini?"

Nikamweleza yote, kituo cha polisi, mahakama, msimamizi. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Yaani tungoje mahakama, na shemeji naye anapelekwa kliniki ya presha kwa gari hili?"

"Na niliambiwa nisikubali kosa."

"Na sasa hivi ulikuwa unafanya nini?"

"Nimekubali."

"Basi umewapunguzia kazi."

Nikasema nitalitengeneza mwenyewe. Maneno yalitoka kabla sijapiga hesabu, na cha ajabu sikuogopa. Mwezi huu nitakula mihogo, na Zuhura nitamweleza kwa nini gari letu lina mkwaruzo ambao hautapakwa rangi karibuni. Niliposikia kwamba siwezi kusamehewa, nilipata ahueni kuliko niliposamehewa. Ningesamehewa tu, ningetoka pale bila kazi yoyote ya kufanya, na nisingejua kama nina haki ya kurudi. Sasa fundi wa bodi anakuja kesho jioni, na mimi ndiye wa kumpeleka uani.

Hamadi alipoona tumemaliza, akasema kwa utaratibu, kama anayezungumza na ukuta:

"Jana shangazi yangu amenipekua begi. Alijifanya anatafuta chaja."

Akatoka.

Hakuna aliyemfuata. Nyuma ya pazia nilisikia Bi Tatu akisema "Ya Rabbi", polepole. Nadhani hakuwa anajua. Nami niliyejua uvumi ule tangu jana nilikuwa nimesimama palepale ukumbini.

Wali nilipakuliwa na mtu asiyenijua. Nilikaa mwisho wa mkeka, nikala tonge chache. Mama Kulwa alipita akaniinamia. "Kumbe taa ilikuwa kwako, Mkwere wewe, na unavyonyenyekea!" Watu wa karibu walicheka, na wengine walinitazama kisha wakatazama sahani zao. Khabari ilikuwa imeshatoka ukumbini. Sikumlaumu. Ni afadhali alivyolisema kwa sauti kubwa.

Nilipokuwa navaa viatu, Ami Mwinshehe akanifuata mpaka kizingitini.

"Arobaini usikose."

"Insha'Allah, Ami."

"Lakini uje kwa miguu."

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Nikaendelea kuyafuta njiani, na wapita njia walinipa pole, wakidhani ni ya msiba. Labda ilikuwa ya msiba. Tangu Ijumaa sikuwa nimemlilia Mzee Kondo. Nilikuwa na shughuli ya kujificha.

Sasa niko chumbani, na nimepewa nilichokitaka. Nimeitwa arobaini. Sikufukuzwa. Kwa nini basi nakaa hapa kama mtu aliyefukuzwa?

Kwa sababu taa inauzwa dukani. Buti litanyooshwa. Lakini kuna mtu aliyemzika baba yake Ijumaa, na Jumamosi akapekuliwa begi na shangazi yake, na huyo hajanisamehe, wala hakuna aliyemwuliza kama anataka. Ami aligawa gari mafungu. Hili la Hamadi halikuwa kwenye gari.

Nikijiuliza swali la haki, linanitisha: kama watu wasingemsingizia Hamadi, ningesema? Au ningekuwa bado naisubiri barua ya kampuni?

Nadhani ningeisubiri.

Anarudi Dar kesho, gari la kwanza la asubuhi. Nitakuwa stendi kabla yake. Nimejaribu kupanga maneno, nimeyaandika na kuyafuta hapa mara kadhaa, yote yananuka ofisi. Nimeamua kuacha kuyapanga. Hamadi ni mkubwa kwangu kwa miaka mingi. Nitaanza na shikamoo. Akiitikia, nitaendelea.