Jina Juu ya Jalada

Jumatatu, 6 Machi 1950

Nimetwanga mtama, nimefua, nimepita dukani kwa Bwana Salehe. Kila siku napita. Naulizia utambi wa taa au sindano, lakini macho yako kwenye rafu ya vitabu. Vyangu vimekaa palepale, pembeni ya vibao vya watoto wa shule. Vumbi limeanza. Tabita Kalunde, jina langu, herufi kubwa nyeusi. Hakuna aliyevigusa.

Kuna mwandishi mmoja wa pwani ambaye vitabu vyake vinakwisha hata sanduku halijafunguliwa vizuri. Watu hawaulizi kinahusu nini. Wanauliza tu kama kipya chake kimefika. Namwonea wivu. Wivu mbaya.

Alhamisi, 9 Machi

Bwana Salehe ameniambia waziwazi. Wenye mtambo wa kuchapa wanataka visivyouzwa virudi Dar es Salaam baada ya Pasaka. Na kitabu changu cha pili hawatakichapa.

"Mama Yohana," akasema, "huyo Tabita Kalunde nani anamjua Tabora hii? Andika Mama Yohana uone watakavyokuja mbio."

Nimekataa. Nimetoka bila kuaga.

Anasema kweli, ndiyo maana imeniuma. Nilitoka Lusu na mume wangu, mtoto mgongoni, na tangu siku nilipotua mzigo hapa Kitete mimi ni Mama Yohana. Kanisani, sokoni, kisimani. Hadithi za mama yangu, aliyetembea na wapagazi mpaka pwani na kurudi, nimezisimulia harusini na misibani miaka yote. Wanawake wa Goweko hupanda garimoshi kuja kunisikiliza. Wanakuja kwa Mama Yohana.

Yohana alifia vitani, Burma. Sina kaburi la kupalilia. Kila anayenisalimu ananitonesha, wala hajui. Nilitaka mahali pamoja tu niwe mimi. Jalada moja.

Jumamosi, 18 Machi

Darasa la kusoma la wanawake. Mama Shija wa Goweko, rafiki yangu wa siku nyingi, akaingia na kitabu changu mkononi. Nikajua leo ndiyo leo.

Akakibwaga mezani. "Mama Yohana, umeibiwa! Huyu Tabita kaandika hadithi zako zote. Hata ile ya mama aliyejifungua njiani na kulipokucha akajitwika mzigo wake. Hana haya huyu mwanamke!"

Wakawaka wote. Wakaapa hakuna atakayekinunua.

Nilikuwa nangoja japo mmoja akumbuke nimeitwa nani na wazazi wangu. Wapi. Nimewafundisha wote kuandika majina yao, na hakuna aliyewahi kuniuliza la kwangu.

Jumapili, 19 Machi

Habari imeenea. Baada ya ibada nimepewa pole kama mfiwa. Wanataka Bwana Salehe avitoe rafuni. Wananitetea mpaka wananimaliza.

Jumatano, 22 Machi

Wamekwenda kweli. Walinipitia nyumbani nikawe shahidi. Kundi zima, kanga kichwani, Mama Shija mbele. Dukani akaanza kumfokea Bwana Salehe, eti anauza mali ya wizi. Yule mzee akanitazama mimi.

Nikasema Tabita Kalunde ni mimi.

Wakacheka. Kisha kicheko kikakatika. Mama Shija akakitazama kitabu, akanitazama mimi, akarudia tena.

"Sasa dada," akasema, "mbona ulijificha?"

Kujificha! Kwa jina langu mwenyewe! Nilitamani kumzaba kibao. Yeye macho yalikuwa yamemjaa machozi ya aibu, akawa anakifuta kitabu vumbi kwa ncha ya kanga. Sikumhurumia.

Nimechoka. Nimemwambia Bwana Salehe abandike anachotaka.

Ijumaa, 31 Machi

Kikaratasi cheupe, gundi ya unga. Mama Yohana wa Kitete. Kimebandikwa juu ya jina langu, limefunikwa lote.

Vimekwisha. Nzega wamemtuma mtu akarudi mikono mitupu. Goweko wanasomeana kwa zamu. Leo sokoni mwanamke nisiyemjua kanisimamisha, kaniambia alikiona tangu mwezi uliopita, akadhani ni cha mtu tu.

Cha mtu tu.

Ningefurahi. Sifurahi. Maneno ni yaleyale, haikuongezwa hata nukta. Wiki mbili zilizopita yalikuwa ya mwizi, leo eti yana utamu. Yohana hakuandika hata sentensi moja, na ndiye aliyekiuza. Nimelia. Kwa hasira, nadhani. Siku hizi sijui tena ipi ni hasira na upi ni uchungu wa mwanangu.

Nawachukia wasomaji wangu. Nimeandika, sifuti.

Jumatatu, 10 Aprili

Pasaka imepita. Hakuna kilichorudishwa Dar es Salaam. Mama Shija kaleta kuku. Nimempokea, tumekula naye. Ananiita Mama Yohana kwa tahadhari sasa, kama anaomba ruhusa. Afadhali zamani.

Jumanne, 18 Aprili

Wenye mtambo wamekubali kukichapa kitabu cha pili. Wameuliza liwekwe jina gani. Nimewajibu Mama Yohana. Sikukaa kufikiri.

Jioni nilikuwa jikoni nachambua mlenda. Mvua imekatika, kumetulia. Nikajaribu kulitamka jina langu lote kwa sauti, nisikie linavyotoka mdomoni. Tabita Kalunde. Mara moja tu.

Baba Yohana alikuwa uani anatia jembe mpini. Akaacha kugonga.

"Unamwita nani?"

Nikamwambia simwiti mtu. Akaendelea na jembe lake.