Maneno ya Mama Baada ya Chakula

Carpi, Jumapili jioni

Kaka yangu mpendwa Ivano,

Pokea salamu kutoka nyumba uliyozaliwa. Natumaini wewe na wifi Mirella hamjambo huko Trieste, na lile goti lako limepata nafuu. Mimi ni mzima wa mwili. Moyo ndio haujatulia, na utaona kwa nini.

Mama yuko vilevile tangu apigwe na kiharusi. Anakula vizuri, hasa zile tambi za tortelini za mchuzi. Lakini Kitaliano chake, pamoja na ile lugha yetu ya Modena aliyokuwa akitutukania tukichelewa shule, vyote vimemtoka. Kila jioni akimaliza kula anakunja kitambaa chake, ananitazama usoni na kusema maneno yaleyale tusiyoyaelewa. Daktari alisema ni ubongo tu unaropoka. Nami humfuta mdomo na kumlaza.

Nilipokuambia nimepeleka mate yangu yakapimwe asili, ulinicheka, ukasema nimezeeka vibaya, kwamba sisi ni watu wa Modena na hata mbwa wetu wanajua. Majibu yamekuja. Nusu yangu ni ya hapa, kwa baba. Nusu nyingine yote ni ya Kalabria, kwenye milima ya kusini kabisa ambako wazee wachache bado wanasema Kigiriki chao cha kale. Kipimo kilinionyesha na binamu huko, Carmela. Nilimpigia simu.

Ivano, kaa kitako. Mama hakuzaliwa na Bibi Argia. Baada ya vita, njaa ilipokaza kusini, watoto walipakiwa kwenye treni waje kwetu kulishwa msimu mmoja wa baridi, kisha warudi. Mama alikuwa na miaka sita. Wenzake walirudi. Bibi, ambaye hakujaliwa mtoto, alimwambia kwao wote wamechukuliwa na mafuriko, akamkataza lugha ile. Hakuna aliyechukuliwa. Nilimbana jirani yetu Dorina, akalia, akasema mtaa mzima ulijua. Najua ulivyompenda Bibi. Mimi pia nilimpenda, na leo namchukia, na kumpenda hakujaniisha.

Huko kwao, usiku wa kuamkia siku ya wafu, huwaandalia marehemu wa nyumba chakula mezani. Mama mzazi wa mama yetu alikataa katakata kumwekea Agata wake sahani. Alisema huyu yu hai, atakuja kula mwenyewe. Alikufa akisema hivyo, na mama mdogo Annunziata, mamake Carmela, anakataa mpaka leo.

Nilirekodi sauti ya mama nikawatumia. Carmela anasema mama mdogo alisikiliza mara moja tu, akaomba kiti. Kisha akawaeleza mama anachosema kila jioni: “Nimeshiba. Sasa nirudisheni kwetu.”

Na sisi tukamlaza.

Daktari anasema safari itamuua njiani. Nimekata tiketi za Jumanne ijayo. Ukitaka kunizuia, njoo. Ukitaka kumsindikiza, tukutane stesheni ya Bologna. Jana baada ya chakula nilimjibu kwa maneno mawili niliyofundishwa na mama mdogo: haya, twende. Alinyoosha mikono avalishwe koti. Amelala nalo, na hadi sasa hataki nimvue.

Msalimie wifi, na umbusu mjukuu wako.

Ni mimi dada yako,
Loretta