Miaka Niliyomwongezea Dahabo

(Nimeinakili kutoka daftari langu la mwaka 1997. Nimebadilisha majina tu.)

Garissa, Jumatano, baada ya swala ya alasiri

Jua limeanza kushuka lakini joto halijaenda popote. Upepo unazoa vumbi la barabarani na kulileta moja kwa moja mlangoni petu. Nimefagia ua mara mbili. Nimefua mtandio uliokuwa safi. Nikikaa nasimama, nikisimama sijui nimesimamia nini. Wifi yangu ameniuliza kama naumwa, nikamwambia ni joto.

Si joto.

Nina jambo rohoni tangu asubuhi, na nisipoliandika hapa litanitoka mbele ya mtu nisiyemtaka.

Nianze na kazi. Tangu mwezi uliopita mimi ni mhoji katika utafiti wa afya wa serikali. Tunapewa orodha ya nyumba, tunabisha hodi, tunauliza: nani anaishi hapa, ana umri gani, anavuta sigara, anatafuna miraa, anatia vijiko vingapi vya sukari kwenye chai, anatembea kiasi gani kwa siku. Kisha tunampima uzito na presha. Presha ikiwa juu tunamwandikia karatasi aende nayo hospitali. Majibu yote yanapelekwa Nairobi yakajumlishwe na ya nchi nzima, ili wakubwa wajue watu wanaumwa nini na kwa nini.

Nilipochukuliwa nilijivuna sana. Tafiti za namna hii zimezoea kutuacha nje. Wanasema huku ni mbali, usalama ni mbovu, watu wanahamahama. Ukisoma taarifa zao utadhani Kenya inaishia kwenye daraja la Mto Tana, mlangoni pa mji wetu. Safari hii tumo, na mimi ndiye niliyekuwa nikiwahubiria wenzangu kwenye mafunzo kwamba tusikubali kurukwa tena. Domo langu hili.

Sasa, ile sehemu ya sigara, sukari na presha ina kurasa tisa, na inamhusu mtu ambaye hajapita miaka sitini na minne. Akiwa na sitini na mitano, unapiga mstari kurasa zote tisa, unaaga, unatoka. Na wanawake wengi wa rika la mama zetu hawajui mwaka waliozaliwa. Kazi yangu ni kukaa nao na kuwauliza taratibu: vita vya shifta vilipoanza ulikuwa umeolewa? Ulikuwa na mtoto? Ukame gani ulimaliza ng'ombe wa baba yako? Kutoka hapo unakadiria umri. Inakula muda. Na anayekadiria ni mimi, hakuna wa kunibishia.

Alhamisi iliyopita, nyumba ya sita, saa saba mchana, nyayo zinawaka moto, niliingia kwa Dahabo, muuza maziwa ya ngamia. Namwita eedo, yaani shangazi, kwa heshima tu, si ndugu yangu. Aliniambia wazi kabisa kwamba shifta ilipoanza, yaani mwaka 1963, alikuwa na mimba yake ya kwanza. Mtoto wa darasa la nne angeipiga hesabu hiyo: mama huyu amepita hamsini kidogo tu. Wakaza wana wake wawili nilikuwa nimewahoji kurasa zote na kuwapima. Nikamtazama yeye, nikazitazama zile kurasa tisa, nikaandika sitini na sita.

Alikuwa ameshakunja mkono wa nguo, anangoja zamu yake. Nikamwambia, "Wewe basi, eedo. Tumemaliza." Nikafungasha vitu vyangu.

Ni uchovu. Nimetafuta sababu nzuri zaidi ya hiyo tangu asubuhi na sijaipata.

Leo maziwa yalikuwa yamekwisha nyumbani, nikaenda Soko Mugdi. Dahabo alikuwa amekaa nyuma ya mitungi yake, kitambaa amekifunga kichwani na kukikaza mpaka nyusi zimepanda. Aliyekuwa akiwapimia wateja ni Sahra, mmoja wa wale wakaza wana. Sahra aliponiona akashika mkono wangu, akaniomba nimsaidie kumshawishi mama mkwe aende hospitali. Kichwa kinamuuma wiki ya tatu sasa, na akiinuka haraka anaona giza.

Dahabo akamkata kauli. "Mimi ni mzima. Watu wa serikali walikuja na mashine. Nyinyi waliwapima kwa sababu waliwatilia shaka. Mimi waliniangalia tu wakaona sina haja." Kisha akanigeukia. "Si ndivyo, hooyo? Mwambie."

Hooyo ni mama, na huku kwetu mama naye humwita mtoto wake vivyo hivyo. Aliniita hivyo mbele ya wateja wote, kwa fahari, mimi ndiye shahidi wake.

Nikasema, "Kwenda hospitali si vibaya, eedo." Hilo tu ndilo lililotoka. Nikalipia maziwa, nikaondoka karibu mbio, na nusu yakamwagika njiani.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Bwana Mutiso, msimamizi wetu. Nilimkuta uani kwenye nyumba ya wageni akifunga makasha ya fomu kwa kamba. Gari linarudi Nairobi kesho saa kumi na mbili asubuhi, na fomu zote na mashine za presha zinaondoka nalo. Nikamwambia kuna mama mmoja nilikosea umri wake.

"Mmoja?"

"Mmoja."

Akacheka. Ni mtu mwema, Mutiso, na amechoka kutuzidi sote. Huniita Mwalimu tangu yale mahubiri yangu ya mafunzoni. "Mwalimu, mmoja hawezi kuharibu picha ya nchi. Kila mahali wanakosea. Nenda upumzike, wiki ijayo nakutaka Wajir na Mandera, usimamie kikosi cha wanawake. Hakuna anayemaliza nyumba haraka kama wewe."

Uso ulinishuka, naye alikuwa ameshainama kwenye kamba zake. Najua haraka hiyo inatoka wapi.

Dahabo si mmoja.

Ilianza na bibi ambaye kwa kweli nilishindwa kumkadiria. Wa pili nilimsukuma miaka miwili tu. Baada ya hapo mkono ukazoea. Ukizifungua fomu zangu utakuta Garissa ina mabinti na vikongwe, katikati hakuna mtu. Wanawake wa miaka hamsini na kitu, ambao ndio presha na sukari huwaanza, nimewafuta kwa kalamu ya serikali. Huko Nairobi mtu ataketi mezani ajumlishe, na juu yao hatakuwa na la kusema. Safari hii hakuna mgeni aliyeturuka. Nimeruka mimi, mwenyeji, niliyepiga kelele kuliko wote.

Na Wajir naitaka. Niseme ukweli hapa, kwingine nitausemea wapi. Tangu talaka naishi kwa kaka yangu, nalala chumba kimoja na watoto wake. Ni miaka mingi tangu mtu yeyote aseme, "Nakutaka wewe kwa kazi hii." Nimeshaazima begi la safari kwa jirani. Nikisema yote, safari imekufa. Nikinyamaza, makasha yanaondoka na hakuna atakayejua maisha.

Lakini Dahabo kichwa kinamuuma, na dawa yake ni neno langu.

Naenda kwake sasa hivi, kabla sijajishauri vinginevyo.

Baada ya magharibi

Nimerudi.

Nilimkuta akisuuza mitungi. Nilimwambia yote bila kukaa. Kwamba hakuna aliyemwangalia akaona ni mzima. Kwamba nilikuwa nimechoka, nikamwandika mzee ili nitoke. Nilidhani atanitukana, na ningepokea. Aliendelea kusuuza mtungi ule ule mpaka nikafikiri hakunisikia.

"Kwa hiyo hukuona kitu," akasema.

"Sikutazama, eedo."

"Na mimi nimeliambia soko zima."

Aibu hiyo ndiyo iliyomchoma, kuliko kichwa chenyewe. Nilitamani anipige. Sahra alikuwa mlangoni, na sikuweza kumtazama.

Baadaye Dahabo akasema hospitali ataenda, ila si na Sahra. Nimpeleke mimi. Kesho alfajiri, na niketi naye kwenye foleni mpaka aitwe, hata kama ni mpaka jioni. Hakusema kwa hasira. Alisema kama anayepanga kazi ya kesho. Hakuniita hooyo.

Nikarudi kupitia kwa Mutiso. Nilikuwa nimeandika karatasi ya nyumba tisa ninazozikumbuka, ya Dahabo ikiwa mojawapo, na chini yake: umri si wa kweli, kurasa ziliachwa kwa makusudi, na sahihi yangu. Aliisoma amesimama. Safari hii hakucheka. Akasema gari litaondoka saa ile ile, ataona la kufanya huko mbele, na kwamba kuhusu Wajir nisijisumbue. Alilisema hilo kwa upole, na ingekuwa afadhali angefoka.

Begi nimelirudisha kwa mwenyewe.

Nilitarajia roho itulie. Haijatulia. Kuna swali linanizungusha tangu nilipoingia ndani: maziwa yasingekwisha asubuhi, sasa hivi ningekuwa nafanya nini? Ningekuwa nakunja nguo za safari, naimba. Ningekwenda Wajir nikawafundishe wengine kazi, nisimamie, nisifiwe kwa haraka yangu. Sijawa mtu mwema leo. Nimeishiwa maziwa tu.

Wale wanane waliobaki hawauzi chochote sokoni. Sitakutana nao kwa bahati. Huenda nao wamejifunga vitambaa, wanawaambia watoto wao kwamba serikali ilikuja, ikawaangalia, ikawaona wazima.

Kesho ni siku ya Dahabo. Keshokutwa, baada ya swala ya Ijumaa, nitabisha hodi nyumba ya kwanza, bila fomu na bila mashine. Watakapouliza nimetumwa na nani, nitajibu nini?