Mzee Afadhali

Olenguruone, 16 Juni 2024

Mdogo wangu Zeddy,

Chamgei. Natumaini u mzima huko Karagita na kwamba yale maua ya kazini kwenu hayakuchomi mikono sana. Sisi hapa tu wazima, isipokuwa mmoja, na huyo mmoja ndiye anayesema ni mzima kuliko sisi sote.

Utauliza kwa nini sikupigi simu. Simu ikilia nyumba hii, shemeji yako Kiplimo huinyakua, anakuambia kwa dakika kumi kwamba kila kitu ni sawa, kisha anakata. Kwa hivyo barua hii nampa Thuo wa lori la viazi.

Jumanne mvua ya mawe ilitupiga. Ekari nzima ya viazi imelala chini, majani yamechanikachanika. Nilisimama shambani nikilia. Shemeji yako akaja na mwavuli, akatazama, akasema, "Afadhali. Tungevuna vingi, vingetuozea kwa store." Ng'ombe wetu wa maziwa alipokufa Aprili, alisema, "Afadhali, sasa utapumzika kukamua." Mimi! Nipumzike!

Hayo nimezoea. Lakini anakohoa tangu Januari, na wiki jana niliona damu kwenye leso yake. Nikamwonyesha. Akasema, "Afadhali hiyo damu mbaya itoke." Mwalimu aliyefundisha miaka ishirini, mzee wa kanisa, anaongea hivyo! Nimemsihi aende hospitali, nimelia, nimemnunia wiki nzima. Sikio la kufa halisikii dawa. Zeddy, ninaogopa, na hapa hakuna wa kumwambia, maana wote wanamwona mtu wa imani.

Dada yako,
Jemutai


Karagita, 7 Julai 2024

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa majirani wote wa ploti. Mimi ni mzima. Mikono ni ile ile, miiba ya waridi haina likizo.

Usinikasirikie. Barua yako niliisomea nje ya mlango, nikacheka mpaka jirani yangu Anyango akaja kuuliza kuna nini. Nikamsomea. Akaita wengine. Tukacheka sote, halafu tulipofika kwenye damu Anyango akasema, "Huyo aende hospitali."

Sasa nisikilize. Jumapili mchana tuna kikundi cha kusoma kwenye ukumbi wa kanisa, na mwalimu wetu anaitwa Immaculate. Alitufundisha habari za Ulaya ya zamani, zaidi ya miaka mia mbili na hamsini iliyopita. Kulikuwa na wasomi waliosema dunia hii imepangwa vizuri kabisa, hata mabaya yake yana kazi nzuri. Kisha tetemeko likabomoa mji mzima asubuhi ya sikukuu, watu wakiwa kanisani, na bado wengine wakasema ni sawa tu. Waandishi waliochoka na maneno hayo wakaamua kuwacheka. Wakatunga hadithi za mtu anayepigwa na dunia kila sura, na kila sura anashukuru. Immaculate akatuambia tutunge zetu. Dada, sikuhitaji hata kufikiria.

Wangu nimemwita Mzee Afadhali. Mvua ya mawe imo, ng'ombe yumo, damu imo. Redio moja ya huku inaisoma kila Jumamosi, na pale tunapofungia maua wasichana hawana habari nyingine. Hata supavaiza ananiita mwandishi!

Msalimie shemeji. Na aende hospitali.

Mdogo wako,
Zeddy


Olenguruone, 28 Julai 2024

Zeddy,

Nakusalimia kwa sababu mama alitulea vizuri. Kama u mzima, sawa.

Thuo alisimamisha lori sokoni akafungua simu yake, kubwa, kila mtu asikie. Alikuwa amerekodi Mzee wako. Nikasikia maneno yangu yakitoka kwa mtu nisiyemjua. Mpaka ile "Mimi! Nipumzike!" ambayo niliiandika kwa mkono wangu, jikoni, mikono ikinuka maziwa ya kuomba kwa jirani. Wanawake wakashika mbavu. Mmoja akanigonga bega: "Mathe, sista yako ako na kipawa!"

Kipawa! Vyaelea vimeundwa, Zeddy, na fundi ni mimi. Tukiwa wadogo nani alikuwa anachekesha nyumba? Wewe ulikuwa kimya karibu na moto, unasikiliza. Tulidhani una haya. Nina wivu. Naliandika neno hilo wazi usije ukalitafuta.

Na hilo ni dogo. Thuo alimwekea Kiplimo rekodi hiyo pia. Alisikiliza sura zote tatu, ameketi juu ya gunia, anacheka, anakohoa, anacheka. Mimi nimesimama nangoja ajione. Zilipoisha akanigeukia, akasema, "Dunia ina wajinga! Mtu anatoa damu na hataki kuenda hospitali?"

Asubuhi yake alivaa koti la kanisa akaenda hospitali Nakuru.

Hakujijua, Zeddy. Mpaka leo hajajijua. Nimemlilia, nimempigia magoti, nimemnyima hata chai. Wewe umemchekesha nusu saa, akaenda. Najua nilipaswa kushukuru, na nilishukuru, lakini siku hiyo niliosha sufuria nikizigonga mpaka kuku wakakimbia. Mimi ndiye mkewe. Kwa nini alikusikia wewe?

Dada yako bado,
Jemutai


Karagita, 4 Agosti 2024

Dada yangu,

Pole, na unisamehe. Ningekuomba ruhusa, lakini nilijua utakataa, na nilikuwa naitaka hadithi hiyo kuliko nilivyotaka ruhusa yako. Afadhali nikuambie ukweli. Ona, hata mimi nimeambukizwa hilo neno.

Kwa nini alinisikia mimi, sijui. Labda sauti yako ameizoea kama unavyozoea saa ya ukutani.

Lakini mimi pia nina wivu, na wangu ni wa zamani. Nikitoka kazini nafungua kufuli, naingia, na hakuna mtu wa kunikasirisha. Wewe una mtu wa kugongea sufuria. Nikiandika Mzee Afadhali, anakaa na mimi jioni nzima anasema upuuzi wake, na chumba kinakuwa na watu wawili. Ndiyo maana barua zako nazifungua nikiwa bado nimesimama.

Hospitali wamesema nini? Na yeye alisema nini walipomwambia? Niandikie neno lake lenyewe. Redio wanataka mwisho, na mimi sina.

Mdogo wako,
Zeddy


Karagita, 1 Septemba 2024

Dada,

Thuo amepita mara tatu mikono mitupu. Nikipiga simu shemeji anachukua, anasema kila kitu ni sawa, lakini anakata haraka. Tangu lini yeye akakata haraka?

Redio nimewaambia wangoje. Siulizi tena habari ya mwisho. Nataka kujua tu kama mko wazima. Hata mstari mmoja.

Zeddy, mdogo wako


Olenguruone, 15 Septemba 2024

Mdogo wangu Zeddy,

Chamgei. Natumaini barua hii inakukuta salama. Nilikuwa nimenuna, kisha nikawa mgonjwa, na vyote viwili vinachosha.

Kiplimo ana kifua kikuu. Anameza dawa, ni miezi sita, na damu imeshaacha kutoka. Walipomwambia alisema, "Afadhali, hiyo siku hizi inapona." Na safari hii alikuwa sahihi! Alirudi nyumbani akitabasamu kama aliyepandishwa cheo. Hiyo unaweza kuitumia.

Kisha wakasema wa nyumba moja wote wapimwe. Watoto wetu walioko shule ya bweni wamepimwa, hawana. Mimi nilipimwa hapa kwenye zahanati. Siku ya majibu Kiplimo alinisindikiza, anamtania nesi, yule Nangila. Nangila akasoma karatasi, akaniambia mimi pia ninayo. Niliipata kwake, miezi ile aliyokuwa anangoja damu mbaya itoke.

Nangila akamtazama. Yeye pia amesikia hadithi yako, kila mtu hapa ameisikia. Akawa anangoja aseme lile neno lake. Mimi pia nikangoja. Kiplimo alifungua mdomo, na neno halikutoka. Akaketi, si kwenye benchi, sakafuni, na koti lake la kanisa. Nangila akatoka, akavuta mlango.

Usilie, daktari amesema tutapona. Kila asubuhi mimi namsimamia akimeza zake, naye ananisimamia nikimeza zangu. Na wewe nenda ukapimwe wiki hii, ulilala kwetu Pasaka. Usiniambie huna nafasi.

Umeomba mwisho. Chukua zahanati, chukua sakafu na koti. Iandike vizuri, na najua utaiandika vizuri, nimekubali hilo ingawa bado linaniuma. Lakini mlango ulipofungwa, Kiplimo aliniambia kitu ambacho hajawahi kukisema tangu anioe, miaka kumi na tisa. Aliniambia mimi, tukiwa wawili tu. Hicho sikupi.

Dada yako,
Jemutai