Benchi Inayotazama Nyuma

Bondeni, Nakuru
9 Februari 1958

Mama, tumenunua basi!

Sasa keti kwanza, ndipo nikusalimie. Hujambo mama? Mguu wako unaendeleaje na baridi ya Kimilili? Na ng'ombe, na watu wa kanisa, na wote wanaoniuliza? Sisi ni wazima, tunakula tunashiba. Khisa ameingia darasa la kwanza, na mwalimu anasema hajaona kichwa kama kile tangu aanze kushika chaki. Nelima hajatimiza miaka minne lakini ukimsikia akiongea utadhani ni mke wa chifu. Na Simiyu ameota meno bila kulia hata siku moja. Nani mwingine ana mtoto wa namna hiyo?

Basi lenyewe lilikuwa lori la mzungu wa Njoro, la kubebea ngano. Baba Khisa alilichukua likiwa mifupa. Lakini wewe unajua mume wangu hakukaa bure miaka ile yote kwenye karakana ya reli akitengeneza mabehewa. Ameacha kazi, amelijengea bodi hapa nyuma ya nyumba kwa mikono yake, mbao na mabati, na madirisha ya kufungua na kufunga. Watu wa Bondeni walikuwa wakipita wakimcheka, "Wamalwa, unajenga safina?" Juzi akaliwasha. Likanguruma, wote wakanyamaza. Achola, yule mama Mjaluo jirani yetu anayeuza mboga, alipiga vigelegele mpaka mbwa wakajibu.

Litatoka hapa Nakuru, lipite Molo, Eldoret, Broderick, mpaka huko kwetu Kimilili, kisha lirudi. Baba Khisa ndiye dereva. Obura, shemeji yake Achola, ndiye konda. Na tiketi na mizigo ya steji ni mimi, mama! Binti yako niliyeishia darasa la nne nina meza yangu na kalamu yangu.

Jambo moja tu. Meza na watoto haviendi pamoja. Njoo unishikie hawa watoto. Nimekuwekea kiti cha mbele kabisa, hapo ubavuni mwa dereva, nimekishonea kitambaa cha maua mwenyewe. Utakuja umeketi kama bibi wa DC, Kimilili nzima ikuone.

Mimi binti yako,
Naliaka, Mama Khisa


Kimilili
2 Machi 1958

Naliaka binti yangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya mwisho niliisoma kwa sauti kule kisimani, ili wale waliosema umeolewa na mpiga nyundo wasikie vizuri. Mimi ni mzima. Mguu unanisumbua asubuhi, jua likipanda unaniacha. Yule ng'ombe wa madoadoa amezaa ndama jike. Mungu ni mwema. Nani mwingine hapa Kimilili ana binti mwenye basi? Hayupo, nimeshauliza.

Sasa nikugombeze. Ulipoandika habari za kile kiti cha mbele, akili yako ilikuwa imeenda wapi? Mimi Rasoa niketi ubavuni mwa baba Khisa, bega kwa bega, kutoka hapa mpaka Nakuru? Gurudumu likiingia shimoni nimwangukie mapajani? Tangu siku aliyokuja kukuposa, mimi na yeye hatujatazamana usoni. Akija, mimi niko jikoni. Nikipita, yeye anaingia migombani. Ndivyo tunavyoheshimiana, na katika wakwe wote wa ukoo huu hakuna anayejua heshima kumshinda. Leo unataka niiharibu kwa sababu ya kitambaa cha maua? Na nikifika nilale wapi, chini ya paa lake, nimsikie akikoroma?

Mji umekulevya, mwanangu. Siji. Niletee watoto hapa wanywe maziwa.

Mama yako,
Rasoa


Bondeni, Nakuru
27 Aprili 1958

Mama,

Nakusalimu. Sisi ni wazima, wote watano. Naanza na hilo kwa sababu nusura nisiweze kuliandika.

Barua yako iliniudhi, ndiyo maana nimekaa kimya. Nikajiambia nitaweza peke yangu. Simiyu mgongoni, Nelima chini ya meza na mwanasesere wake wa gunzi, Khisa akitoka shule ananifuata steji. Na niliweza! Basi linajaa. Kuna watu wanakuja kwa miguu kutoka Bahati kukata tiketi.

Jumanne iliyopita abiria mmoja alikuwa na tenga la kuku, likafunguka. Kuku steji nzima! Mimi na Obura tukawa mbioni, watu wanacheka, mwenye kuku analia. Basi likaanza kuondoka, Obura akalikimbilia akalirukia. Nikageuka nyuma. Gunzi lipo, Nelima hayupo.

Nilimwita mpaka sauti ikakatika. Achola aliacha mboga zake chini sokoni, akazunguka akiuliza kila mtu. Mimi nikaenda relini, mama. Nikaangalia kwenye reli.

Kumbe alikuwa amepanda basi, akajilaza nyuma kati ya magunia, usingizi ukamchukua. Obura alimkuta Molo alipokuwa akishusha mizigo. Baba Khisa akakimbilia stesheni ya Molo akawaomba wenzake wa zamani wapige simu Nakuru. Mtu wa stesheni ndiye aliyenikuta nimeketi chini kwenye vumbi. Akaniambia, "Inuka mama, mtoto wako yuko Molo anakula ndizi."

Baba Khisa hakunigombeza. Angenigombeza ningepona. Alisema tu, "Basi nitajenga lingine. Nelima sijengi mwingine." Kama hatuna wa kutushikia watoto, analiuza anarudi kuomba kazi reli. Ameshapata mnunuzi, mtu wa Gilgil, atakuja mwishoni mwa mwezi wa tano. Kukuletea watoto siwezi, Simiyu ananyonya na Khisa ana masomo. Msichana wa kuwashika nilimpata, akakaa wiki moja akaolewa.

Leo sina la kujivunia.

Binti yako,
Naliaka


Kimilili
3 Mei 1958

Naliaka mwanangu,

Nelima hajambo? Analala vizuri? Anashtuka? Mwambie kukhu yake, yaani mimi bibi yake, amemtumia yai la kuku mweusi, Obura analo amelifunga kwenye majani, na akilivunja atanijua. Barua hii pia nimempa yeye mkononi, maana ya posta ingekukuta umeshakonda.

Nimemshukuru Mungu, nimemshukuru Obura, nimeyashukuru hata yale magunia. Kulia umelia. Sasa nawa uso unisikilize.

Hilo basi lisiuzwe. Nimeshajisifu kisimani, nitachota maji wapi? Lakini heshima si leso ya kuvua nikipanda gari na kujifunga tena nikishuka. Mkwe ni mkwe hata akishika usukani. Kwa hiyo mwambie baba Khisa maneno haya, kwa kuwa mimi siwezi kumwambia: mtu aliyejenga nyumba nzima juu ya magurudumu ameshindwa kupata humo mahali pa kumweka mama wa mke wake? Yeye si fundi? Afikiri kama fundi. Mahali pa kulala, hilo fikiri wewe.

Mimi ninafunga mzigo wangu. Kuufungua au kutoufungua ni juu yenu.

Mama yako,
Rasoa


Bondeni, Nakuru
15 Juni 1958

Mama, basi haliuzwi!

Hujambo lakini? Mguu? Ndama? Hapa hata paka ni mzima. Nelima alikula lile yai akasema hakuna kuku Nakuru anayejua kutaga.

Nilimsomea baba Khisa maneno yako wakati wa chai. Akacheka, akachukua rula yake akatoka, na chai ikapoa. Sasa sikia alichofanya. Nyuma kabisa ya basi ameweka benchi inayotazama nyuma. Mgongoni mwa benchi amesimamisha ubao mzima mpaka kwenye paa, dereva haoni mtu na mtu haoni dereva. Tena ameikatia mlango wake wenyewe, na ngazi fupi ya mguu wako. Unapanda kwako, unashuka kwako.

Na watu wameigombea, mama! Kuna mama wa Burnt Forest anaitwa Cheptanui, hakuwahi kuona nyumba ya binti yake kwa sababu ya shida kama yako. Juma lililopita alisafiri na mkwe wake ndani ya basi hili hili, yeye nyuma, mkwe katikati, walipofika kila mmoja akashuka mlango wake. Alinishika mikono akanitemea mate ya baraka mpaka kwenye tiketi. Sasa hivi akina mama wanakuja wakiuliza, "Ile ya heshima inaondoka saa ngapi?" Mabasi mengine hayana, yatatoa wapi, hayana mama kama wangu!

Mnunuzi wa Gilgil alikuja siku aliyosema, akakuta foleni. Baba Khisa akamwambia, "Ndugu, kilichobaki cha kuuza ni tiketi." Akanunua moja ya Molo, akalionja basi, ndipo akarudi kwao.

Mahali pa kulala ni kwa Achola. Mume wake ni gadi wa reli, yuko kwenye garimoshi siku nyingi kuliko kitandani. Achola anasema usije mikono mitupu, uje na hadithi.

Ile pembe ya kulia karibu na dirisha haijakaliwa na mtu. Ina mto wa kitambaa cha maua. Obura anawafukuza watu hapo kama wale kuku. Basi hulala Kimilili kila Ijumaa na kurudi Jumamosi. Sema ni Jumamosi gani.

Binti yako,
Naliaka, Mama Khisa, mwenye meza


Kimilili
29 Juni 1958

Mwanangu Naliaka,

Mimi ni mzima kuliko wakati wowote, na wewe na wajukuu wangu muwe hivyo hivyo.

Ijumaa niliposikia honi nilijificha nyuma ya duka. Baba Khisa alipoingia hotelini kunywa chai, nikanyemelea, nikapanda ile ngazi, nikakaa. Nikaegemea ubao kwa nguvu zangu zote. Haukulia hata kidogo. Niliposhuka, yeye naye akawa anatoka hotelini. Aliniona, akageuka hapo hapo akalizunguka jengo zima, na mvua ilikuwa inanyesha. Nikasema, huyu ndiye mkwe wangu.

Nilitangaza kanisani baada ya sala, na unajua sauti yangu. Sasa akina mama watatu wenye mabinti Molo na Njoro wamefunga mizigo yao pia. Wakae popote, pembe yangu wasiiguse. Ninakuja na maziwa ya mtindi na kuku mweusi mwenyewe, maana Nelima ana akili ya chakula.

Nataka niwakute wote steji. Khisa avae viatu aje na daftari nimwone huyo mwenye kichwa. Simiyu aje acheke, meno nimesikia habari zake. Achola aje na vigelegele. Nelima ashikwe mkono, tena na mtu asiyependa kufukuza kuku. Baba Khisa peke yake asije nyuma. Abaki mbele na usukani wake. Tukifika apige honi mara mbili, nami nitagonga ubao mara mbili, tutakuwa tumesalimiana. Fagia mlango kwa Achola, weka maji ya moto ya mguu wangu, na msichelewe: ni Jumamosi, tarehe kumi na mbili Julai.

Mama yako,
Rasoa