Siku Tuliyovua Mikanda ya Mashine

Mzee wangu,

Kibanda cha chama kina kufuli. Ufunguo ninao mimi, lakini wa kumfungulia hakuna.

Ulituacha mafundi kumi na tisa wenye kazi. Kiwanda cha nguo kilipofungwa, wewe ndiye uliyetukusanya hapa Manyatta, kila mtu na cherehani yake iliyochoka. "Mmoja mmoja hamtapewa hata sare za chekechea," ulituambia. "Nendeni kama chama." Na kweli. Tukanunua vitambaa kwa jora, tukapewa sare za ile shule kubwa, mwaka baada ya mwaka. Mimi niliyekuja bila hata makasi, nikajenga nyumba.

Halafu ile sheria yako: mwenzetu akizikwa, hakuna mashine inayolia. Ulikuwa unapita mwenyewe, unavua mkanda wa kila mashine, unatia mfukoni.

Basi siku ya kukuzika tulivua yote, tukaja kwenu Kombewa. Na siku hiyo hiyo shule ilikuwa inapokea sampuli za sare. Niliomba, Mzee. Nilisema abaki mtu mmoja tu, azipeleke. Mama Akinyi, yule wetu wa vifungo, akanigeukia: "Wewe! Mzee hajaingia udongoni, tayari unauza kaptula?" Nikaziacha sampuli mezani. Kazi ikaenda kwa mwenye duka anayeleta nguo zilizoshonwa tayari, lori zima.

Tangu hapo wanatoka. Huyu anaendesha bodaboda, wale wanashona kivyao, kila mtu na bei yake, wanaangushana wenyewe kwa wenyewe. Nimepiga hesabu kila namna. Haikubali. Nina hasira na wewe, Mzee, na sina pa kuipeleka. Sheria yako ndiyo iliyotufanya chama. Ndiyo iliyotumaliza pia.

Sasa Mama Akinyi naye ametutoka. Anazikwa Ijumaa. Nina nguo za harusi ya Jumamosi, kazi yangu ya kwanza ya maana tangu uende, na mwenye harusi amesema nisiposhona Ijumaa anapeleka kwingine. Nimewapigia wenzetu kuuliza nani atafunga kazi aje mazikoni. "Chama gani, bwana?" Mmoja hata alicheka.

Najua ni hasara. Sijui itasaidia nini. Lakini Ijumaa nitavua mkanda wangu, nitautia mfukoni, nitaenda kumzika. Hilo tu ndilo ninaloweza kukuahidi: kwamba mashine moja itanyamaza.

Oriti, Mzee, kwaheri. Pumzika.

Fundi wako,
Otieno