Pakiti Themanini na Nne za Mama

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeketi kwenye kiti chako cha dirishani, jua likiwa limekufika magotini, na hali yako ni nzuri. Mimi mwili haujambo. Moyo ndio umeniketisha niandike, na Kaka, anayerudi huko leo, nimempa akukabidhi mwenyewe, maana kwenye simu ningeishia kulia tu.

Kazi ya kupiga pasi hotelini inaendelea. Mashuka hutoka mashinani na joto lake, mvuke hujaa hadi darini, nasi wapiga pasi tunakuwa kama watu wanaoishi ndani ya wingu. Humo nakuona mara nyingi, ukipita kimyakimya baina ya mashuka na kanga yako begani. Nikinyoosha mkono, nashika kitambaa.

Nilikuandikia kwamba nimepata unga wa kusaidia sukari na maumivu ya viungo, na kwamba mimi pia naunywa. Hukuuliza nimeupata wapi, nami nikashukuru. Ulitoka kwa mtafiti mmoja tuliyempachika jina la Dada Kijiko, kwa jinsi alivyopenda kupimapima. Alikuja kazini kutafuta watu ambao sukari yao imeanza kupanda, na mimi nilikuwa mmoja wao. Alitueleza kuwa ni nyuzinyuzi za mizizi: tumbo haliziwezi, zinateremka hadi kwenye utumbo mpana kuwalisha vijidudu wema waliomo, nao wakishiba huenda wakasaidia kushusha sukari na kutuliza uvimbe unaofukuta ndani kwa ndani. Hilo neno “huenda” alilirudia hadi tukalizoea kama kikohozi chake. Akasema pia kwamba nusu yetu tutapewa wanga wa kawaida, bila yeyote kujua nani kapata nini. Mimi nilisikia sukari na uvimbe tu, nikaona vidole vyako vilivyovimba.

Kisha barua zako zikaanza kuja. Ukasema sasa unaweza kutunga uzi kwenye sindano. Ukasema asubuhi unakoroga unga wako taratibu na unahisi kama tumeketi pamoja. Nilizisoma nikiwa nimesimama ndani ya mvuke, nikahisi kama sigusi sakafu.

Jumapili Kaka alinitembelea. Katikati ya mazungumzo akasema, kama jambo dogo, kwamba vidonge vyako vya sukari umevifungia kabatini tangu mwezi uliopita, kwa kuwa unga wa binti yako unakutosha.

Jumatatu nilikwenda kwa Dada Kijiko nikamwambia nisichowahi kumwambia mtu, na sasa nakuambia wewe. Mama, mimi sikunywa hata pakiti moja. Zote themanini na nne nilikutumia. Kila wiki aliponiuliza kama nimekunywa, niliitika, na wewe nikakudanganya hivyo hivyo.

Hakunigombeza, ingawa nimemharibia kazi ya miezi mitatu. Alikata jina langu kwenye orodha, akafungua bahasha yenye namba yangu, akasema, “Ulipewa wanga mtupu. Mwambie mama arudi kwenye vidonge leo hii, na apimwe. Na hata ungekuwa unga wenyewe, hauchukui nafasi ya dawa.”

Basi huo wepesi wa vidole sijui ulitoka wapi, wala sitaki kukunyang'anya. Ila wepesi si kipimo cha sukari. Kaka atakupeleka zahanati kesho asubuhi, nami nimeomba ruhusa, nitafika Jumamosi.

Nisalimie majirani wote, na wajukuu wako uwabusu kwa niaba yangu. Ukimaliza kusoma, usiikunje barua kwanza. Mwombe Kaka maji, umeze kidonge chako, kisha unikasirikie utakavyo. Nitakuja nikae mbele yako nisikilize yote.

Ni mimi bintiyo,
Kitindamimba wako